Je, Wajua? Kutu Ndani ya Roketi

Kutu ilisaidia watu kufika angani
Zile roketi mbili nyeupe zilizokuwa ubavuni mwa Space Shuttle ya Marekani, kila moja ilijazwa fueli yabisi tani 500 hivi: uzito wa tembo mia moja wa tani tano tano. Shehena yote hiyo iliteketea kwa dakika 2 tu! Karibu asilimia 70 ilikuwa chumvi iitwayo amoniamu paklorati, asilimia 16 unga wa aluminiamu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mpira wa kuvishikamanisha. Halafu kuna ile asilimia 0.4: oksidi ya chuma, yaani kutu. Piga hesabu, utapata kama tani 2 katika kila roketi. Haikuwekwa iungue, bali iichochee chumvi ivunjike upesi.

Moto usioomba hewa
Kila molekuli ya chumvi hiyo imebeba atomi 4 za oksijeni. Ikipata joto inaziachia, nazo ndizo zinazounguza aluminiamu na mpira, hata mahali pasipo na hewa kabisa.

Chumvi inayogoma
Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Pasha amoniamu paklorati tupu polepole hadi kwenye nyuzi 300 za Selsiasi hivi. Itaanza kuvunjika, na ikishapoteza kama asilimia 30, basi, inasimama. Kinachobaki kimejaa vitundu, lakini ukikipima ni chumvi ile ile. Sasa kipitishe kwenye mvuke wa maji, kisha kipashe tena: kinaanza kuvunjika upya, kana kwamba hakijawahi kuonja moto! Bila mvuke, sharti joto lipande kuvuka nyuzi 350 ndipo kazi iishe. Hapo ndipo kichocheo kinapoonyesha ubingwa wake: tia oksidi ya chuma au kromiti ya shaba kidogo tu, na hatua hiyo ya mwisho inawahi kwa makumi ya nyuzi.

Lami nayo imo
Mwaka 1942, huko California, John Parsons alichanganya lami na potasiamu paklorati, akapata fueli ya roketi za kusaidia ndege kupaa kwenye njia fupi. Mpira ulikuja baadaye.

Malindi kuna historia
Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout, yenye hatua 4 zote za fueli yabisi, iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo, satelaiti ikaitwa Uhuru.

Jirani wa kiwanda cha peremende
Space Shuttle iitwayo Challenger ilipolipuka mwaka 1986, safari zilisimama lakini chumvi iliendelea kutengenezwa na kurundikwa. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda cha PEPCON kilichotengeneza chumvi hiyo, Henderson, jimbo la Nevada, kilishika moto na kulipuka. Watu 2 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na vipima tetemeko vikanasa mtikisiko. Kiwanda jirani cha peremende laini, marshmallow, nacho kikabomoka.

Hata Mirihi ipo
Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta paklorati kwenye udongo wa Mirihi. Atakayetaka kulima mchicha huko itabidi auoshe udongo kwanza, maana chumvi hizi huizuia tezi ya shingo kupata madini joto.