Kisu cha Riwayani na Kisu cha Kumbini

Wasomaji wengi wanamkumbuka Muthoni, msichana wa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda. Binti huyu wa mhubiri alikwenda kukeketwa kinyume cha amri ya baba yake, akitaka kuwa mwanamke kamili kwa mila za kwao. Jeraha lake halikupona. Alipofikishwa katika hospitali ya misheni ya Siriana, muda ulikuwa umekwisha. Baada ya kifo chake kila upande ukautumia msiba huo kuulaumu upande wa pili.

Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, nayo ilianzia mikononi mwa wamisionari kabla ya kuwa ya serikali, na wilaya zinazoizunguka ni nchi ya jando na unyago. Kisa cha Muthoni kina funzo hapa, ila si lile ambalo msomaji hulidhania kwanza.

Unyago si ukeketaji

Anayezijua mila kwa njia ya riwaya huweza kudhani kwamba unyago wa Masasi na Newala ni ule ule wa Muthoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi nchini Tanzania amekeketwa, hasa katika mikoa ya Manyara, Dodoma, Arusha, Mara na Singida. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Unyago wa kusini kwa kawaida hauna kisu: kungwi humfundisha mwali usafi wa hedhi, heshima na maisha ya ndoa. Linalostahili kuulizwa ni umri. Mtoto anayefundishwa mambo ya chumbani kabla ya wakati wake huweza kurudi nyumbani akijiona mtu mzima, na wanaume wakamwona hivyo pia, ilhali mwili wake haujawa tayari kubeba mimba.

Kisu kiko jandoni. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wavulana wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao huingia kumbini, wakatahiriwa na kufundwa. Tohara yenyewe ina faida. Majaribio yaliyofanyika Kisumu, Rakai na Orange Farm yalionyesha kwamba hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini kisu kimoja kikipita kwa watoto wengi, kinachotarajiwa kuwa kinga chaweza kuwa njia ya kupitishia VVU na homa ya ini.

Hofu ya aibu

Katika riwaya ya Chinua Achebe, Shujaa Okonkwo, kijana Ikemefuna anauawa kwa agizo la mizimu. Mzee Ezeudu alikuwa amemwonya Okonkwo asishiriki, kwa kuwa kijana alimwita baba. Okonkwo alishiriki kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mila haikumlazimisha kushika panga. Hofu ndiyo iliyomsukuma.

Hofu hiyo haikubaki riwayani. Mwali hufundishwa kutolia, na mambo ya kumbini hayasimuliwi nje. Damu isipokoma, mlezi huweza kusita: akimtoa mtoto, siri itavuja na ukoo utachekwa. Hapo ndipo kisa cha Muthoni hujirudia, kwa sababu saa zinazopotea huongeza madhara ya jeraha.

Mlezi na mzazi wazijue dalili zisizongoja: damu isiyokoma ingawa jeraha limebanwa kwa kitambaa safi, kushindwa kukojoa, homa, usaha au uvimbe unaozidi, na taya kukaza, ambayo ni dalili ya pepopunda. Majivu na udongo visiwekwe jerahani. Kabla ya tohara, familia iulizwe kama ina historia ya kutokwa damu kupita kiasi, na chanjo ya pepopunda ihakikishwe. Kila mtoto awe na wembe wake, au atahiriwe na mtaalamu kisha aendelee na mafunzo yake kumbini.

Masasi imewahi kubadilisha jando bila kulifuta. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliendesha jando la Kikristo: kumbi ilibaki, mafunzo yalibaki, na sala zikachukua nafasi ya baadhi ya matambiko. Kama sala iliweza kuingia kumbini, wembe mpya nao waweza kuingia.

Mhudumu wa afya ana nafasi ya kuonana na manyakanga na mangariba kabla ya msimu, kwa heshima, bila kuita kazi yao ushenzi. Na baba akifika usiku akiwa amembeba mwanawe, apokewe kwanza, mtoto atibiwe, maswali yafuate. Baba huyo akikaripiwa mbele ya watu, habari itafika kijijini kabla yake, na msimu ujao jirani yake atangoja hadi asubuhi.