Mfupa wa Ngamia na Binti wa Sultani

Haya wajukuu zangu, kaeni vizuri. Leo sisimulii sungura na fisi. Huyu aliishi kweli, na alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni kando ya bahari. Jina lake Salme. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar.

Utotoni Salme alicheza katika ua mpana wenye tausi na swala. Lakini binti alipokua, ua ule ule ulimbana. Uso ulifunikwa barakoa, kutoka kukawa na masharti. Hata masomo yalikuwa na mpaka: msichana alifundishwa kusoma Kurani, kuandika hakufundishwa. Mnajua kwa nini? Anayesoma hupokea maneno ya wengine. Anayeandika hutoa ya kwake, na barua haiombi ruhusa kupita mlangoni.

Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia uliolainishwa, maana ndio uliokuwa ubao wa kuandikia, akanakili kwa siri herufi za Kurani mpaka mkono ukazoea. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana. Hakuacha.

Mwaka 1859 kakake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao, Sultani Majid. Wenye njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua, na kazi ikamwangukia Salme, kigori wa miaka kumi na mitano. Njama ikashindwa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme akabaki na uhasama wa ndugu zake.

Baadaye alipendana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akashika mimba. Kwa binti wa Sultani, hilo lilikuwa jambo la hatari kubwa. Mwaka 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa, akaitwa Emily, wakaoana, wakahamia Hamburg.

Je, sasa alikuwa huru? Ngojeni. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Aliporudi Unguja mwaka 1885, Barghash, sasa Sultani, alikataa kumpokea. Kule mgeni, huku amekataliwa.

Akashika kalamu. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Aliwaeleza Wazungu kwamba wanawake wa Mtoni hawakuwa kama walivyowadhania: walikuwa na akili, mali na maamuzi yao. Meli ilimtoa kisiwani tu. Kuandika kulimwezesha kwenda na kurudi kila alipotaka.

Lakini sitawaficha jambo. Katika kitabu hicho hicho Salme aliutetea utumwa. Jumba lile lilijaa watumwa, wanawake kwa wanaume, nao hawakupata nafasi ya kuandika habari zao. Binti aliyeujua uzito wa ukuta wake hakuuona uzito wa ule uliowazunguka wao.

Basi mkisoma kitabu cha mwanamke anayesimulia kufungiwa kwake, ulizeni mambo mawili. Alitoka kwa njia gani? Na nani alibaki ndani, asiyepewa kalamu? Swali la kwanza litawafundisha ujasiri, la pili litawafundisha haki. Msikubali kujifunza moja mkaacha jingine.