Mdomo Ulivyoponza Kichwa cha Habari

Abiria afikaye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mjini Kigali, akiwa safarini kwenda Kampala au Dar es Salaam, anajua vyema kwamba dakika 25 si muda mrefu. Katika muda huo atakata tiketi, atapakia mizigo, atanunua maji na maandazi, na pengine dereva hata hajapanda. Angali pale kwenye foleni, na akumbuke kwamba mwaka 1978 palitokea jeshi lililodai kuteka nchi ya wenyewe kwa dakika hizo hizo 25.

Jambo hilo halikutendeka mbali. Kando ya Nyabugogo unapita mto wenye jina hilo, utokao Ziwa Muhazi. Mto huo humwaga maji yake katika Nyabarongo, nayo Nyabarongo huingia Akagera. Akagera huandama mpaka wa Tanzania, kisha huingia nchini humo kwa jina la Kagera, hupita chini ya daraja la Kyaka, na kuishia Ziwa Viktoria. Huko chini ya mto ndiko kilikozaliwa kichwa cha habari kilichowachekesha watu kwa miaka mingi.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera. Siku mbili baadaye Redio Uganda ilitangaza kwamba eneo lote limetwaliwa kwa dakika 25, kwa mwendo upitao ule wa sauti, na kwamba hiyo ni rekodi katika historia ya dunia. Magazeti ya nchi za mbali yakaichapa habari hiyo kama yalivyoipokea.

Eneo lenyewe lina kiasi cha kilometa za mraba 1,800. Mtoto wa shule akigawa hesabu hiyo kwa 25 atapata 72. Maana yake ni kwamba kila dakika moja askari hao walikuwa wakiteka kilometa za mraba 72, vichaka na migomba pamoja! Kwa mwendo huo hata kufunga kamba za viatu kungekuwa kupoteza wakati.

Tarehe 3 Novemba washindi hao wakalivunja daraja la Kyaka. Hapo msomaji makini aliyekuwa akifuatilia habari hana budi alikuna kichwa. Aliyeshinda kwa dakika 25 alimwogopa nani hata avunje daraja? Alifanana na mpiganaji aliyejitangaza bingwa sokoni, kisha akakimbilia nyumbani na kujifungia kwa komeo.

Vichekesho havikuishia hapo. Amin, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa bingwa wa ndondi nchini Uganda, alitoa shauri kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na mwamuzi awe Muhammad Ali. Wahariri wa dunia walishukuru kwa zawadi hiyo. Mwalimu hakuvaa glavu. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wananchi wake tarehe 2 Novemba kwamba Tanzania itapigana, na mnamo 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliompinga Amin yaliishika Kampala. Vita vya dakika 25 vilikuwa vimechukua zaidi ya miezi mitano. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo, si uongo peke yake uchekeshao. Ukweli uliochelewa nao una vituko vyake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, magazeti ya huko yalishangilia amani. Lakini askari wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wenzao Wajerumani walikuwa wamefukuzwa Kigali na Wabelgiji mwaka 1916, hawakuwa na habari. Tarehe 13 Novemba waliingia Kasama, katika Zambia ya leo, wakiteka mji katika vita vilivyokwisha. Walisalimu amri tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya amani kutangazwa.

Lakini cheko lina mpaka wake, na mjini Kigali mpaka huo unajulikana. Gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, lilikuwa na vichwa vya habari na vikaragosi vilivyowafanya baadhi ya wasomaji wacheke. Vilikuwa sumu. Wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, maji hayo hayo ya Nyabarongo na Akagera yalibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.

Kwa jamaa za askari na polisi, somo hili si la kale. Tangu Julai 2021, wanajeshi na polisi wa Rwanda walipopelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, mama au mke aliyebaki nyumbani amekuwa akisoma habari za huko katika simu yake kabla chai haijapoa. Kichwa kimoja kinaweza kumfurahisha bure au kumliza bure. Na ajiulize kwanza mambo matatu: Nani asemaye? Mahali panapotajwa pana ukubwa gani, na muda uliotajwa unatosha? Ni jambo gani halikutajwa?

Mwaka 1978 bila shaka palikuwa na mama nchini Uganda aliyesikia habari za dakika 25 akadhani mwanawe atarudi kabla ya chakula cha jioni. Wengi wa vijana hao hawakurudi. Ng'ambo ya mpaka nako, raia wa Kagera walikuwa wameuawa na ng'ombe wao kuswagwa kwa maelfu. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Mdomo wa Redio Uganda uliponza kichwa cha habari, lakini vichwa vilivyolipa vilikuwa vya watu.