Mwewe hushinda penye uwazi, sumu si dawa yake

KWA mfugaji wa kuku mjini, sauti kali ya mama kuku na kivuli kinachopita uani ni dalili ya hasara. Kabla mwenye nyumba hajafika nje, kifaranga mmoja amekwisha kuchukuliwa na mwewe yuko juu ya mnazi.

Wapo wanaokata shauri kumtegea sumu. Hata hivyo, anayechunguza namna ndege hawa wanavyowinda atabaini kuwa ushindi wao hutegemea mambo mawili, yaani macho makali na kushtukiza. Wakikosa mojawapo, mara nyingi huondoka patupu.

Yafaa kwanza kuwatofautisha, kwa kuwa watu wengi huwaita wote mwewe. Mwewe hasa, yule anayezunguka juu ya masoko na majalala ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ana rangi ya kahawia na mkia wenye panda. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu mita moja na nusu, lakini kwa kawaida uzito wake haufiki kilo moja. Kwa hiyo hana uwezo wa kumbeba kuku mkubwa.

Chakula chake ni mabaki ya nyama, mizoga, panya, mijusi na kumbikumbi. Huelea juu ya hewa ya joto inayopanda, hivyo huokoa nguvu huku akikagua ardhi. Akiona kitu, huteremka kwa kasi, hukinyakua kwa kucha bila kutua, na mara nyingi hukila akiwa angani.

Kipanga ana mbinu tofauti. Yeye hakai angani akizunguka, bali hujificha katika majani na kusubiri. Mabawa yake mafupi na mkia mrefu humwezesha kupinda kona kati ya matawi. Huruka chinichini, akijikinga kwa ukuta au ua, na kumfikia ndege mwenzake kabla hajatahamaki. Kipanga mkubwa mwenye mgongo mweusi na kifua cheupe huishi hata katika miti mirefu ya jiji la Nairobi, na windo lake kubwa ni njiwa na hua. Jike ni mzito zaidi ya dume, wakati mwingine karibu mara mbili, naye huweza kukamata kuku.

Wa tatu ni kozi, mwenye mabawa marefu yaliyochongoka. Huyu hushambulia kutoka juu. Jamii moja ya kozi hufikia kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa anapojitupa kuelekea windo.

Wote watatu husaidiwa na macho. Katika kila jicho wana sehemu mbili za kuona kwa ukali, moja ikitazama mbele na nyingine pembeni. Mjongeo mdogo wa kifaranga kwenye uwanja mtupu hauwapiti.

Aidha, si kila kifaranga aliyepotea alichukuliwa na mwewe. Katika miji ya pwani, kunguru wenye asili ya India, waliofikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, nao hula vifaranga na mayai, huku lawama zikimwangukia mwewe.

Ubaya wa sumu ni kwamba haichagui. Nyama iliyotiwa dawa ya kuulia wadudu huliwa pia na mbwa, paka na tai mzoga. Sumu ni miongoni mwa sababu kuu zilizofanya aina kadhaa za tai mzoga wa Afrika kutajwa mwaka 2015 kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Hata sumu ya panya ina madhara yake. Panya aliyeila huweza kuishi siku kadhaa akiwa dhaifu, akawa windo rahisi, na sumu ikamhamia ndege ambaye angewapunguza panya hao bila gharama.

Kinga yenye manufaa ni kuondoa uwazi. Vifaranga wafungiwe ndani ya tenga au banda lenye wavu juu katika majuma yao ya mwanzo, maana huo ndio umri ambao mwewe humudu kuwabeba. Wanaoachwa huru wapate vichaka au kibanda cha kukimbilia, na walishwe karibu na nyumba. Utumbo wa samaki na mabaki ya nyama yafukiwe, kwa kuwa ndiyo humvuta mwewe uani.

Ngano ya kale husimulia kuwa kuku alipoteza kitu alichoazima kwa mwewe, na tangu hapo mwewe hujilipa kwa vifaranga. Deni hilo mfugaji anaweza kulikwepa kwa wavu na tenga, pasipo kuua ndege hata mmoja.