KALORI ZA MAZOEZI: JE, TUIAMINI NAMBA YA SAA?



Vijana wetu wengi wa Kilosa na Mikumi wanapenda mazoezi. Wapo wanaokimbia baada ya swala ya alfajiri, na wapo wanaonyanyua vyuma vya kujitengenezea, yaani makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Baadhi yao wana saa au simu inayowaambia kuwa wamechoma kalori 400, nao huongeza au hupunguza chakula kwa kuifuata namba hiyo. Katika makala hii tutaeleza namba hiyo inatoka wapi, na tuiamini kwa kiasi gani.

KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nishati, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Kalori tunayoizungumzia katika chakula ni joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Gramu moja ya wanga, sukari au protini hutupa takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutupa kalori 9. Mwili hutumia kalori hata tukiwa tumelala, kwani moyo, ubongo na ini havipumziki. Mtu aliyekaa kimya hukadiriwa kutumia kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa.

HESABU YENYEWE

Mwaka 1993 Barbara Ainsworth na wenzake wa Marekani walichapisha orodha ya kazi na mazoezi, ambayo baadaye imerekebishwa mara kadhaa. Kila zoezi lina namba inayoonyesha linazidi kukaa kimya mara ngapi. Kutembea kwa mwendo wa wastani ni karibu 3.5. Kunyanyua vyuma kwa kawaida ni 3.5, na kwa nguvu nyingi ni 6. Kuchimba bustani ni takriban 5. Kukimbia kilomita 8 kwa saa ni zaidi ya 8. Zidisha namba hiyo kwa kilo zako, kisha kwa saa ulizofanya.

Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 60 aliyetembea nusu saa: 3.5 × 60 × 0.5 = kalori 105. Lakini hata angekaa barazani angetumia 30, kwa hiyo kutembea kumemwongezea 75 tu. Hizo ni sawa na vijiko vitano hivi vya sukari vya gramu 4. Chai mbili tamu zinatosha kuzirudisha zote!

KWA NINI SAA HUKOSEA?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Vifaa sita kati ya hivyo vilihesabu mapigo ya moyo vizuri. Kwa kalori, hata kile kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93.

Katika mazoezi ya vyuma ugumu huzidi. Saa husoma mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Anayenyanyua hukaza misuli na kubana pumzi, na mapigo hupanda bila oksijeni inayotumika kupanda kwa kiwango kilekile. Kisha hupumzika kati ya mkupuo na mkupuo. Kwa anayekimbia mwendo mmoja makadirio huwa rahisi zaidi.

FUNZO KUTOKA KWA WAHADZABE

Utafiti mmoja mashuhuri ulifanyika hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla, walitoa matokeo ya kuwapima Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula kaskazini mwa nchi. Wanaume walitembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, kalori walizotumia kwa siku zilikaribiana na za watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Basi namba za mazoezi hazijumlishwi kama shilingi za dukani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto anayekua, anayekwenda shule kwa miguu, kulima na kubeba ndoo ya maji ya kilo 20, asinyimwe wala asijinyime chakula kwa sababu ya namba ya saa. Anahitaji kushiba ili akue. Pili, mzazi anayeshinda dukani asione kalori 400 akadhani amejilipia soda na maandazi. Tatu, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki na ya kuimarisha misuli siku mbili, na watoto wa shule wastani wa dakika 60 kwa siku. Dakika ni rahisi kuhesabu kuliko kalori. Nne, mwenye kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya kuanza, na aliyefunga aache mazoezi mazito mpaka baada ya kufuturu.

Andika katika daftari dakika ulizotembea na uzito ulionyanyua. Mwezi ujao ukipanda mlima bila kuhema kama zamani, hicho ndicho kipimo.

Mwili ni amana. Tunamwomba Allah atupe afya njema. Wabillahi tawfiq.