Sauti Nzito Huanzia Kashani

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo ilimlenga mtu wa maneno mengi asiye na busara. Lakini, ndugu msomaji, yawafaa pia wale wanaotia sabufa katika magari yao. Aghalabu mfanyakazi hujinyima kwa miezi kadhaa, akanunua spika ya inchi 12 na amplifaya yake, kisha akaifunga katika kasha lolote alilolipata. Apatacho ni mvumo usio na mdundo, na bati la buti hulia kuliko muziki wenyewe. Hapo hulaumiwa spika, hali mkosa ni kasha.

Kazi ya kasha

Spika inaposukuma hewa mbele, papo hapo huivuta ya nyuma. Sauti hizo mbili zikikutana huuana, hasa zile nzito. Kazi ya kwanza ya kasha, basi, ni kuifungia sauti ya nyuma isitoke. Tena, hewa iliyofungwa humo huwa kama springi, ikiirudisha koni ya spika mahali pake kila inaposogea.

Mmarekani Edgar Villchur aliitumia kanuni hiyo mwaka 1954, akatengeneza kasha dogo lililozibwa pande zote lenye kutoa sauti nzito ambayo zamani ilihitaji kasha kubwa. Baada yake, Neville Thiele wa Australia, na kisha Richard Small, walionyesha jinsi ya kukokotoa ukubwa wa kasha kutokana na tabia za spika yenyewe. Ndiyo sababu karatasi inayokuja na spika nyingi hutaja lita zinazotakiwa. Usiitupe karatasi hiyo.

Hesabu ya lita

Tuseme spika yako yataka lita 28. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimeta, kisha gawanya kwa 1,000. Kasha la 40 kwa 35 kwa 20 hutoa 28,000, yaani lita 28 kamili.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Vipimo hivyo ni vya ndani. Ukimpa seremala kama vipimo vya nje, naye akatumia ubao wa milimeta 18, ndani patabaki 36.4 kwa 31.4 kwa 16.4, ambazo ni lita 19 tu! Karibu theluthi moja ya hewa imekwisha potea kabla muziki haujaanza. Vipimo vya nje vilivyo sahihi ni 43.6 kwa 38.6 kwa 23.6. Kumbuka pia kwamba sumaku ya spika huchukua nafasi yake humo ndani. Hakikisha haitagusa ubao wa nyuma.

Tumia MDF au plaiwudi nzito, kwani ubao mwembamba hutetemeka na kuimba wimbo wake. Toboa kwanza kwa keekee ndipo utie skrubu, ubao usipasuke. Paka gundi kila kiungo, ziba pembe kwa silikoni, na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga spika. Ukisikia mluzi wa hewa, pana tundu. Vumbi la MDF hudhuru mapafu. Funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali.

Usalama wa familia

Waya unaotoka katika betri hauna budi kuwa na fyuzi karibu kabisa na betri hiyo. Panapopita katika bati uvishwe mpira, la sivyo utachubuka na kuliunguza gari. Kasha nalo lifungwe imara, maana gari likifunga breki ghafla, mzigo huo huwarukia waliokaa nyuma.

Liko jambo kubwa zaidi. Wataalamu wa afya ya kazini nchini Marekani wamependekeza kwamba sikio lisipate sauti ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwenye desibeli 100 hubaki dakika 15 tu. Ni nani atokaye Mbagala hadi Posta kwa dakika 15 asubuhi ya foleni? Na aliye karibu zaidi na kasha ni mtoto wa kiti cha nyuma, ambaye chembe za usikivu wake zikifa hazioti tena.

Ndugu msomaji, gari lililofungwa vioo lenyewe huikuza sauti nzito. Kasha lililopimwa vema na kuzibwa sawasawa litakupa mdundo uliojaa hata sauti ikiwa chini. Mwenye kasha bovu ndiye azungushaye kitufe hadi mwisho, akitafuta asichokipata. Chukua futikamba na kalamu kwanza. Fedha ya amplifaya kubwa itaweza kungoja, na pengine hutaihitaji kamwe.