Kompyuta za zamani za makampuni: shule iulize nini mbele ya kupokea?

Kompyuta nyingi zinazotolewa ofisini bado zinafanya kazi. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine kila miaka mitatu hadi mitano. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kuhudumia Windows 10, na mashine nyingi nzima haziwezi kupokea Windows 11.

Baadhi yake hufika Afrika. Close the Gap, shirika la Ubelgiji, hukusanya kompyuta kutoka kwa makampuni, hufuta data zote, huzitengeneza, kisha huzipeleka kwenye miradi ya elimu na afya.

Kwa shule za Kivu na Ituri, hiyo ni nafasi nzuri. Programu ya taifa imeingiza TIC tangu darasa la saba, lakini wanafunzi wengi wanajifunza kompyuta kwa chaki na ubao. Hata hivyo, zawadi isiyoandaliwa inageuka mzigo kwa prefe wa shule na kwa wazazi.

Swali la kwanza ni umeme. Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 100 hivi. Ya kubebeka, kati ya 30 na 60. Mashine kumi za mezani zinadai kilowati nzima, na jenereta inakula mafuta kila siku. Kwa shule yenye sola ndogo, za kubebeka zinafaa zaidi.

La pili ni fundi na programu. Linux ni ya bure na inafanya kazi kwenye mashine za zamani. Kwa Kiwix, wanafunzi wanasoma Wikipedia ya Kifaransa bila intaneti.

La tatu ni mwisho wa mashine. Ndani ya skrini na bodi za zamani kuna risasi na zebaki, sumu kwa anayezivunja au kuzichoma. Mkataba wa Bamako wa 1991, ambao Kongo imeuridhia, unakataza kuingiza takataka za hatari barani Afrika. Mashine iliyokufa ni takataka hata ikiandikwa "zawadi".

Koltani ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi huingia katika vifaa vya dunia nzima. Watoto wa Masisi wanastahili vifaa vinavyowaka. Basi prefe aombe kwa maandishi, mbele kontena halijaondoka: orodha ya mashine zilizopimwa, betri na chaja zake, na jina la atakayezichukua zikifa.